Kikao Kuhusu Kitanda cha Fundi wa Majoho

KAMATI YA MALEZI NA NIDHAMU YA USHARIKA
Kikao cha dharura, Jumamosi saa 9 alasiri, chumba cha kuvalia kwaya
(Nakala ya mkono. Mwenyekiti hajaisoma.)

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mama Mapambo, Mzee Kengele, mwenye duka la dawa, Katibu.
Asiyekuwepo: Mchungaji, yuko safarini.
Aliyeitwa: fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya.

KUMB. NA. 1/D: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaagiza madirisha yafungwe. Mzee Kengele alisema watu watakosa hewa. Aliambiwa avumilie.

KUMB. NA. 2/D: TAARIFA YA MAMA MAPAMBO
Mama Mapambo alieleza kwamba ibada ya nyumbani ya Jumatano ilikuwa kwa fundi, na akina mama, kama kawaida, waliweka mikoba yao kitandani chumbani. Alipofuata wake aliona nyumba nzima ina kitanda kimoja, mito miwili, na miwani ya mpiga kinanda wa kwaya, mwanamume kama fundi, juu ya mto wa pili. Mzee Kengele aliuliza kama mkoba ulikuwa umejificha chini ya mto. Mwenyekiti alimwomba aache mzaha.

Kwa Katibu pia kuna kitanda kimoja. Usharika unaamini muuguzi anayeishi naye, mwanamke mwenzake, ni binamu yake. Fundi peke yake ndiye anayejua ukweli. (Aya hii ifutwe kwenye nakala safi.)

KUMB. NA. 3/D: MAHOJIANO
Fundi aliingia na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Hakukana. Alisema mpiga kinanda ameondoka alfajiri na begi moja, baada ya watu kurusha mawe juu ya bati la nyumba yao. Mwenyekiti alimweleza kwamba akiwataja wenzake, jina lake halitasomwa mbele ya usharika.

"Taja tu, mwanangu. Sisi ni wazazi wako."

"Baba, mimi nawapima wote humu. Sina wa kumtaja."

"Hata mmoja?"

Fundi alitazama upande wa Katibu. Kalamu ilianguka. Mama Mapambo aliiokota, akauliza, "Unaumwa, mwanangu?" Katibu alijibu kuwa ni joto. Haikuwa joto. Katibu hajawahi kuogopa namna ile.

"Hata mmoja," fundi alisema, akaombwa asubiri nje.

KUMB. NA. 4/D: UAMUZI
Mwenyekiti alipendekeza fundi atengwe na jina lisomwe kesho. Mzee Kengele alisema likisomwa, fundi hatafika kwake mzima. Mwenye duka la dawa alisema lisiposomwa, mawe yatahamia kanisani. Mwenyekiti aliagiza wanaokubali wanyooshe mikono, na asiyenyoosha aeleze anamficha nani.

Mzee Kengele hakunyoosha. Alisema hamfichi mtu, ila hataki damu ya mtoto wa mwenzake. Katibu alihesabu mikono, kama ilivyo kazi yake. Ilikuwa minne, na mmoja ulikuwa wa Katibu.

KUMB. NA. 5/D: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 10:40 kwa sala ya Mama Mapambo. Katibu alitumwa kumjulisha fundi uamuzi. Fundi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Nimekuelewa, dada. Usilie hapa, watakuona."

Mwenyekiti: (bado hajasaini)
Katibu: (amesaini)