Zamu ya Bibi Nhàn

Nam Định

Shangazi Khuyên,

Jambo hili sijamwambia mtu. Tangu tulipomzika Bibi, tofali lenye jina lake, lile lililokuwa likimshikia zamu, bado liko kwenye foleni ya duka la mchele la serikali. Kila asubuhi nikienda shule nalikuta limesogea mbele.

Biashara binafsi sasa imeruhusiwa, na Mama anauza mchele sokoni. Nimepata hata viatu. Nilipomtajia tofali alicheka: "Sokoni hatupangi foleni, mwanangu. Mwenye hela ndiye wa kwanza."

Jana nilimkuta jirani yetu, Mzee Lịch, akilisukuma kwa mguu.

"Mchele wa hapa ulikuwa na wadudu," aliniambia, "lakini zamu ya Nhàn hatukuiruka. Huko kwa mama yako mimi nitasimama wapi, mjukuu wangu? Sina hela."

Leo duka limefungwa kabisa. Tofali la Bibi lilikuwa la kwanza, limegusa mlango.

Nilipika mchele wa Mama nikapakua mabakuli mawili. Moja nilimpelekea Mzee Lịch. Jingine nililiweka juu ya tofali, nikakaa kando yake mpaka wali ukapoa.

Mpwa wako,
Diệp