Mashua ya Baba na Lori la Usijali

Jumatatu, 5 Juni

Mashua imekwisha. Miaka saba! Baba kagonga msumari wa mwisho saa nne asubuhi, akaweka nyundo chini, akasema, "Haya, tafuteni lori." Utadhani anaagiza chai. Mimi nilikuwa kizingitini na matanga mawili mapajani. Nimeyashona mwenyewe, kwa cherehani ile ile ninayoshonea mapazia ya watu.

Tatizo ni moja tu, dogo sana: mashua iko uani nyuma ya karakana, na ziwa liko kilomita mia nane kutoka hapa. Baba kazaliwa kule. Akaja huku kutafuta kazi ya useremala, akapata kazi, akapata mke, akatupata sisi. Mbao nzuri ziko huku, husema. Na maji? Hilo hajalijibu kwa miaka saba.

Lakini leo sicheki sana. Wiki iliyopita daktari wa macho aliniita kando. Presha ya macho ya Baba imeshakula pembeni kote, sasa inaingia katikati. Akiwa na bahati ataona mpaka Agosti. Baba naye kaambiwa, ila nyumbani hatulitaji. Anataka kitu kimoja: aione inaelea. Si kusimuliwa. Aione.

Jumatano, 7 Juni

Nimewapigia simu wenye malori kutwa nzima, huku nikipinda mapazia ya zahanati.

Wa kwanza: mzigo gani? Mashua. Inaendeshwa? Inaendeshwa. "Basi si uiendeshe!" Akakata.

Wa pili kanitumia picha kumi na moja za lori lake. Taa za rangi, shada la maua ya plastiki, spika mbili. Nikamwomba picha moja ya matairi. Kimya mpaka sasa.

Wa tatu hubeba chochote, hata nyumba. Nikamuuliza nyumba ya mwisho aliipeleka wapi. Kumbe banda la kuku.

Wa nne ni mwanamke. Hakutaja bei. Aliuliza yeye! Urefu, upana, kimo. Mlingoti unang'oka? Mkuku — ule uti wa chini kabisa — umeshikana na mwili au unatolewa? Nani ataikagua njia? Nikawa najibu kama mtoto aliyekwenda mtihani bila kusoma. Mwisho kasema atakuja Jumamosi kuiona, na mpaka aione hasemi neno. Nimempa jina: Mama Mikanda, maana alitaja mikanda mara tisa.

Jumamosi, 10 Juni

Kaja. Saa tatu kamili! Nilikuwa bado na kanga ya kulalia.

Akamsalimu Baba: "Shikamoo, fundi." Hakusema mzee. Nilimwona Baba anavyonyooka mgongo. Kisha mama wa watu akalala chali chini ya mashua na gauni lake zuri, akawa anagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akatoa chaki, akachora misalaba. Hapa mkanda usipite. Hapa pia. Baba akamfuata nyuma, anagusa kila msalaba kwa kidole.

Sharti lake: trela la chini, lile ambalo sakafu yake karibu inabusu lami. Na kabla ya kubeba, yeye mwenyewe ataiendesha njia nzima na gari dogo, apime madaraja na nyaya. Siku nne. Halafu ndiyo safari, tarehe 20. "Mimi sibebi nilichoambiwa," kasema. "Nabeba nilichopima."

Nilitaka kumkumbatia. Nikampa soda.

Jumapili, 11 Juni

Kikao cha familia. Mwenyekiti kafungua saa nane. Mwenyekiti ni kaka yangu mkubwa. Hakuna aliyempigia kura, alizaliwa na cheo chake. Ana daftari la mihutasari na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nyekundu sijawahi kuiona ikiandika.

Nikaeleza habari za Mama Mikanda. Wote wakanisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza tangazo la redio. Kisha Mwenyekiti akakohoa. Je, tumesahau kuwa kaka yake wifi ana lori? Tutamweleza nini wifi, kwamba tumemruka ndugu tukachukua mtu wa barabarani? Wifi alikuwa palepale, anamenya chungwa. Anavyomenya tu ilikuwa hotuba.

Huyo kaka yake wifi watu humwita Usijali, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Hubeba matofali. Mwaka juzi alihamisha kabati la harusi, likafika milango tu.

Damu nzito kuliko maji, kasema Mwenyekiti. Nikajibu kuwa mashua haielei kwenye damu. Shangazi akaongeza kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yaani tumekubali kuliwa, tunajadili kiasi tu! Kura: sita kwa mmoja. Baba hakupiga. Kasema wafanye upesi tu, basi.

Halafu likaja la kimo. Fomu ya kibali cha barabarani inataka kimo cha mzigo. Nikasema mita mbili na sitini. Nimepima mara mbili, mlingoti ukiwa umeng'olewa, kutoka mkuku mpaka paa la kibanda cha mashua. Baba akasema mbili na thelathini. Nikasema, Baba, ni sitini. Akasema yeye kapima mbao miaka hamsini na zaidi, mimi ni mtu wa vitambaa.

Kila mtu mle ndani alijua. Tulimwona juzi akiishika tepu sentimita mbili kutoka jichoni, anaigeuza, anaikisia. Shangazi akaanza kuchunguza kucha zake. Wifi akaacha chungwa. Nani atamwambia mzee mbele ya watu kwamba haoni namba?

Mwenyekiti akatuokoa. "Tusivunjiane heshima. Tuchukue wastani."

Mbili na arobaini na tano! Ikaandikwa. Ikapigiwa makofi! Na lori la Usijali sakafu yake iko mita moja na arobaini, jumla tatu na themanini na tano, na daraja fupi kuliko yote njiani ni tatu na tisini. Inapita, kasema Mwenyekiti. Sentimita tano nzima zimebaki, hata paka anaweza kukaa juu.

Waliotaka wastani walinyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha. Ninaandika hili ili nisije kujidanganya baadaye.

Jumanne, 13 Juni

Nimempigia Mama Mikanda kumwambia tumepata ndugu. Nilitegemea agombe. Kasema, "Poleni." Tu.

Ijumaa, 16 Juni

Usijali kaiona mashua. Kwa simu. Nilizunguka uani nikimwonyesha, yeye huko aliko anakula, nilisikia anatafuna. Nikamwonyesha misalaba ya chaki. Usijali, dada. Nikamwambia mkuku hauhimili uzito wote peke yake, unahitaji fremu pembeni. Usijali. Nikamwuliza kama ataikagua njia. Njia anaijua, kasema, ameipita tangu hajaoa. Matofali hayana kimo, nikamwambia. Mtandao ukakatika. Mtandao wake una akili sana.

Jumatatu, 19 Juni

Siku ya kupakia. Saa moja asubuhi: niko njiani. Saa nne: nimekaribia sana. Saa saba nikasikia nyuma yake mtu anauliza taulo iko wapi. Saa kumi: lori liko gereji, kitu kidogo tu.

Baba kakaa uani kutwa na shati lake jeupe, kofia kichwani, begi miguuni. Kila gari likipita anainua uso. Mpaka jioni kola ilikuwa imelowa jasho, na hajamlalamikia mtu. Angelalamika ingekuwa nafuu.

Jumatano, 21 Juni

Limekuja! Na vumbi la matofali lote ndani. Trela la chini? Liko juu kama jukwaa la siasa.

Watu ishirini na wawili, jeki mbili, magogo ya kuviringishia, na Mwenyekiti anayesimamia kwa kusema "taratibu" kila baada ya pumzi. Saa tano nzima. Imepanda. Chini ya mkuku wameweka magodoro mawili ya wifi na matairi chakavu. Fremu hakuna. Kamba za katani zimepita moja kwa moja juu ya misalaba, kana kwamba ile chaki ilikuwa inawaelekeza. Nikapiga kelele. Usijali akanionyesha jinsi kamba ilivyokaza: akaipiga kofi.

Nilikuwa na tepu mfukoni. Ningepanda, ningepima kutoka lami mpaka paa la kibanda, dakika moja. Baba alikuwa kasimama kando yangu, kashika ubao wa mashua kwa viganja vyote viwili, anatabasamu. Nikaiacha tepu mfukoni. Mwoga mimi!

Tumeondoka saa tisa. Lori mbele, sisi nyuma kwenye gari la Mwenyekiti. Baba anataka kiti cha mbele, asipitwe na kitu.

Alhamisi, 22 Juni

Kilomita mia tatu na arobaini. Daraja la reli, juu ya barabara. Kibao: mita 3.90.

Nilimpigia Usijali: simama! Usijali, kasema, kibali kipo. Akaingia polepole, nashukuru kwa hilo. Ulisikika mlio mrefu wa mbao. Paa la kibanda limejibana chini ya chuma kwa kiganja kizima, na lori haliendi mbele wala nyuma. Akirudi kinyume mbao zinalia zaidi.

Trafiki kaja. Mpole, ndiyo mbaya zaidi. Akasoma kibali, akasoma kibao, akaitazama mashua. Kwa karatasi hii, kasema, nyinyi mmeshapita. Sasa hawa waliokwama ni akina nani?

Mwenyekiti alianza kueleza historia. Usijali akapendekeza watoe upepo kwenye matairi. Wakatoa. Ikashuka vidole viwili, ikakaa vibaya, godoro moja likachomoka likaanguka barabarani na maua yake.

Baba kashuka garini. "Nipe tepu." Nikampa. Akapanda ngazi ya lori mwenyewe, akaweka ncha kwenye mkuku, akanyoosha mpaka kibandani, akabana kwa dole gumba. Akaileta jichoni. Akaigeuza kwenye mwanga. Magari yamepanga mstari nyuma yetu, honi kila upande, na sisi wote tumesimama tunamtazama mzee anasoma namba moja.

Kisha akanyoosha mkono kwangu, dole gumba lingali limebana. "Soma."

"Mbili na sitini, Baba."

"Kwenye karatasi mmeandika ngapi?"

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Tulichukua wastani, Baba."

"Wastani wa nini na nini?"

Baba akaikunja tepu pole pole, akanirudishia, akashuka kinyumenyume, anakitafuta kila kidato cha ngazi kwa ncha ya kiatu.

Nimempigia Mama Mikanda. Hakuniuliza nimemruka kwa nini. Kauliza kamba zimepita wapi. Nikamwambia. Akavuta pumzi. Msiisogeze, kasema, mkiivuta itapasuka ubavuni. Yuko njiani na mzigo wa mtu; akiushusha anakuja na trela. Kesho mchana, pengine alasiri.

Wifi kalia kidogo. Ni godoro, kasema. Sidhani ni godoro.

Ijumaa, 23 Juni

Saa nne na nusu. Naandika nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara.

Trafiki kasema njia haiwezi kufungwa siku ya pili. Winchi inakuja saa sita kuivuta, ipasuke isipasuke. Nimemwomba mpaka saa tisa. Kanipa mpaka saa saba, na hiyo kwa sababu Baba alimsalimu vizuri. Mama Mikanda hapokei simu. Anaendesha, najiambia. Mtu kama yeye hawezi kupokea akiendesha.

Usijali kaenda kutafuta fundi wa upepo tangu alfajiri. Mwenyekiti kakaa garini na daftari limefungwa. Nilimuuliza sasa tufanyeje. Kasema, "Amua wewe." Miaka hamsini na moja nimelisubiri neno hilo, na kaja kunipa leo!

Baba kataka kupanda. Nilimshika mkono tukapanda wote. Sasa kakaa nyuma ya mashua, kaushika usukani, shati lile lile jeupe. Nusu ya mashua iko kivulini chini ya daraja, yeye yuko juani. Mbele, bondeni, kuna mji mdogo, mapaa ya mabati mapya matupu, na jua limeyapiga sawasawa.

Kaniita. Ananyoosha kidole bondeni.

"Kumbe tumefika karibu hivi?"

Nimemwambia, "Bado kidogo, Baba."

"Bado kidogo nini, mwanangu? Maji si yale. Nayaona."