Radhi Nyingi Katika Insha ya Generoza

Mke wangu Mama Generoza,

Kwanza nakuomba radhi kwa kukuandikia kwa kalamu nyekundu. Ndiyo iliyokuwa mezani, na punde utajua ilikuwa ikifanya kazi gani. Pili nakuomba radhi kwa dharau utakayoikuta humu. Ulinijua mtu mpole. Mwaka huu upole umenishinda.

Binti yetu, afisa nyuki wa Inyonga, alifanya ule mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ng'ambo. Alisafiri hadi Dar es Salaam, akakaa mbele ya kompyuta, akarudi. Hesabu alifanya vizuri. Insha ilipata alama ambayo, kwa kumstahi, sitaitaja. Chuo anachokitaka hakiipokei. Atarudia mtihani mara moja tu kabla maombi hayajafungwa.

Habari ilifika kijijini kwenu Mamba kabla sisi wenyewe hatujaizoea. Mdogo wako Deusi akaja hapa Kasokola na pikipiki, kuku akining'inia kwenye usukani, akavua viatu na kuketi mkekani kama mtu aliyefika matangani. Nilimpa heshima yote anayostahili, nayo haikuchukua muda. Alieleza kwa kirefu kwamba mwanamke mwenye mshahara wa serikali hana sababu ya kusoma tena, kwamba kusoma kukizidi hukausha kizazi, na mengine ambayo nadhani hata kuku wake aliyaonea haya. Kisha akamgeukia mwanao.

"We Generoza, nyuki wenyewe hawajasoma, na asali wanatengeneza."

"Ndiyo maana wanaibiwa, Mjomba," akajibu bila kuinua macho.

Sauti yako ile ile. Nilikaribia kugeuka nikutafute jikoni.

Wanajumuiya wa kanisani nao walikuja. Waliimba wimbo wa kufariji wafiwa, na mwenyekiti wao akamwombea binti yetu kana kwamba yu mahututi anangoja padre na mpako wa wagonjwa. Niliwaandalia chai. Nikawasindikiza nikimshukuru kila mmoja kwa jina, na moyoni nikimdharau kila mmoja kwa jina.

Lakini dharau iliyo kubwa kuliko zote nilikuwa nimemwekea mtu mwingine, nami sijui nimtajeje mbele yako. Ni yule aliyemfundisha insha.

Unajua jinsi mapadre walivyotulea katika uandishi. Usimvamie msomaji. Umsalimu, umwombe radhi kwa kumchukulia muda, ukiri udogo wa elimu yako, ndipo ulikaribie jambo polepole kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mkubwa. Generoza alipoleta kitabu chake cha maandalizi, nilisoma kurasa mbili nikakiita kitabu cha wachuuzi. Kilimwagiza aseme msimamo wake katika sentensi ya kwanza. Nikamwambia huo ni utovu wa adabu. Nikakifunga, nikamfundisha mwenyewe kwa miezi mitatu, kwa kalamu hii nyekundu, na kila alipokwenda moja kwa moja kwenye hoja nilimkata.

Wageni walipoondoka aliketi karibu nami na kuniambia, bila ukali wowote, "Baba, muda uliisha nikiwa bado nabisha hodi."

Dakika thelathini walimpa. Aliomba radhi vizuri sana.

Ungekuwepo ungenizuia. Unaikumbuka siku niliyokuja kwenu na mshenga wangu? Tulizungumza juu ya mpunga, mvua, na afya ya ng'ombe wa jirani, hadi baba yako akauliza kama kuna mtu amefariki. Nawe ukasema toka jikoni, "Amekuja kunioa, Baba. Mimi nimekubali." Shangazi zako wakashika vichwa. Kwa miaka mingi nilikuomba radhi kwa aibu ya siku ile, nawe ulikuwa ukicheka tu. Sasa naona kwamba katika nyumba nzima ni wewe peke yako uliyekuwa umejibu swali.

Sasa anajiandaa upya. Kila Jumamosi huja kwa basi toka Inyonga na kufungua kompyuta juu ya meza yako ya kuchujia asali. Nilianza kumwuliza, kwa unyenyekevu, kama labda kungekuwa na msaada wowote mdogo ambao mzee kama mimi angeweza, akanikatiza.

"Kazi yako ni saa, Baba. Dakika thelathini zikifika sema 'muda umekwisha'. Usiongeze neno."

Simu yake ina saa. Najua kazi hii amenipa kwa huruma, na nimeipokea.

Jumamosi hii swali la kitabuni lilidai kwamba mwanafunzi afuate siku zote ushauri wa mwalimu wake. Niliketi na saa yangu mkononi. Dakika ya thelathini ilipofika, "samahani" ilikuwa tayari ulimini; nikaimeza.

"Muda umekwisha," nikasema.

Akanigeuzia kompyuta nisome. Alikuwa amemaliza, hadi hitimisho. Kalamu nyekundu ilikuwa pale pale mezani. Sentensi yake ya kwanza, ukiitoa kwenye Kiingereza, ni neno moja: Sikubaliani.

Mwezi ujao atasafiri tena. Kuku wa Deusi tumemla. Deusi mwenyewe bado sijamsamehe, na kwa hilo sikuombi radhi. Kalamu sikuigusa siku ile. Wino uliobaki ndio huu. Pumzika, mama.

Mumeo,
Baba Generoza