Kahawa ya Bibi na Vidonge vya Damu

Kimwani, Jumanne

Sijamwambia mtu: kila nikimeza kidonge cha kuongeza damu, natafuna kahawa ya Bibi, zile buni anazochemsha na kukausha, kuondoa ladha ile ya msumari wenye kutu.

Leo muuguzi kanipima tena. Damu haijapanda. "Unameza na nini, binti?" Nikasema maji. Akasema afadhali, maana kahawa hushika madini ya chuma tumboni, seli za damu zikabaki na njaa. Nilijichukia. Na baiolojia nilifaulu.

Mama kasema damu isipopanda siendi chuoni Bukoba.

Jioni, kidonge kikiwa bado kinanuka kooni, Bibi akanipa kahawa kiganjani. "Tafuna, mjukuu wangu." Nikasita. "Kwani tumegombana?" akauliza, maana kwetu kukataa kahawa ya mtu ni kutangaza ugomvi.

Nikaitia mdomoni, nikaenda kuitema migombani. Kinyaa kitupu, na aibu.

Nifichie, daftari langu. Bibi asijue.