Sauti ya Mama Ukutani

10 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila miguu tu, maana siku hizi napanda ngazi na kushuka kama niliyetumwa na mama mkwe mkorofi.

Dada, wamekubali! Kile chumba cha sanamu za watu wa plasta kinavunjwa. Nilikuambia jinsi nilivyolia siku yangu ya kwanza kazini hapa makumbusho, nilipowakuta "watu wa msituni" wamesimamishwa ndani ya kioo, karibu uchi, jirani na nyani waliokaushwa. Sasa wanataka chumba kipya kuhusu watu wetu, na wanasema safari hii sisi wenyewe tutaamua kiwekwe nini na kisiwekwe nini. Mimi nimepewa kazi ya kuwaita wazee wetu, kuwatafsiria na kupeleka maneno huku na huku. Najua aliye katikati hupigwa na pande zote mbili, lakini nimekubali kwa mikono miwili.

Naomba wazee wakija, uje na mama. Ule wimbo wake wa kutuita nyumbani jioni, tulipokuwa tumetawanyika msituni, hakuna mwingine anayeujua wote. Tangu tuhamishiwe kwenye nyumba za mabati, nani anaitwa tena? Nataka wimbo huo uwe ndani ya chumba hicho. Mbembeleze wewe. Mimi nikisema, anacheka tu.

Mdogo wako,
Kitindamimba

2 Mei

Kitindamimba wetu,

Marahaba. Tumefika salama. Mama bado anasimulia safari, na kila akisimulia, jengo lenu linaongezeka ghorofa. Kuhusu wale watu wa plasta, majirani wote wameshasikia: "Wametutengeneza bila vitovu! Sasa tulizaliwaje?" Watu wanashika mbavu. Na zile glavu alizopewa ili ashike kikapu alichokisuka bibi yetu, anasema zingefaa kuchumia upupu.

Nimefurahi, sikufichi. Nilikuja nikidhani wanataka tu kutupiga picha. Lakini wazee waliposema vile vitu vya tohara visionyeshwe, vilifunikwa palepale, na hakuna aliyebisha.

Lakini usisahau alichosema mama mbele ya mkurugenzi wenu, maana wewe ndiye uliyetafsiri. Amewapa sauti yake mliyoirekodi kwa sharti moja. Siku akifa, izimwe mpaka watoto wake wote wawe wameweka jiwe kaburini. Kwetu, mzazi ambaye mtoto wake hajaweka jiwe bado hajapumzika, na kumwacha aendelee kuita ni kumtesa. Mkurugenzi aliitikia, wakapeana mikono. Mimi nimo kwenye kamati ya wazee, kwa hiyo niko macho.

Kikohozi kimerudi. Mama anakilaumu kiyoyozi chenu. Mimi sijui.

Dada yako

19 Julai

Kitindamimba,

Hujambo? Huku si kuzuri. Mama amelala tangu wiki iliyopita, na mwili umekwisha. Anakula vijiko viwili vya uji, kisha anasema ameshiba ili nisiumie. Daktari wa zahanati ameniita pembeni, na unajua mtu anaitwa pembeni kuambiwa nini.

Anakuuliza wewe. Njoo.

Dada yako

25 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikata maini. Mpe mama pole zangu, na umwambie nakuja mara tu baada ya ufunguzi. Ni mwezi ujao katikati, si mbali. Nikiondoka sasa hakuna wa kusimamia. Jana tu nimekuta mafundi wameuweka mtego wa sungura juu chini.

Mwambie chumba chake kimependeza. Ukiingia, taa zinafifia taratibu kama jioni inaingia. Halafu sauti yake inatoka ukutani: "Jua limezama, rudini, moto umewaka." Kisha kimya, pale tulipokuwa tunaitikia. Alikataa kabisa tujaze nafasi ile, akasema jibu ni la watoto. Watoto wa shule walioletwa kujaribu waliitikia wenyewe bila kufundishwa. Mwambie hivyo, atacheka. Mwambie anivumilie kidogo tu.

Mdogo wako

4 Agosti

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Mama ametutoka juzi asubuhi. Nilikupigia kwa simu ya mwalimu, nikapiga tena na tena, ukawa hupatikani. Nimesikia kwamba mkiwa ndani ya vyumba vile simu mnazima. Tumemzika jana.

Hakuteseka sana. Nilimpa ujumbe wako kuhusu watoto wa shule, na kweli alicheka, kikohozi kikamkatiza. Akauliza, "Anakuja na basi la asubuhi?" Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Sote tumeweka mawe yetu. Nafasi ya jiwe lako iko kichwani pa kaburi. Wazee watakuja kwenye ufunguzi kwa sababu yeye mwenyewe aliwasihi waje. Mimi siwezi, niko matangani. Zima sauti, kisha uje.

Dada yako

23 Agosti

Nakuandikia hata salamu zimenishinda.

Wazee wamerudi. Wamenieleza walivyoingia, taa zikafifia, na marehemu akaanza kuwaita. Mama! Jiwe la mwanawe halijawekwa, na anaita mbele ya wageni wenye bilauri mikononi! Wakageuka mmoja baada ya mwingine wakatoka. Mkurugenzi akawakimbilia hadi getini akiwauliza kama chai ilikuwa ya baridi. Masikini, hakujua. Walipomweleza, akashika kichwa. Akasema alikuuliza, tena zaidi ya mara moja, "Tuizime?" Nawe ukamwambia jiwe lako limeshawekwa.

Umemdanganya mtu aliyetimiza ahadi yake kwetu. Miaka yote tulilalamika kwamba watu wa makumbusho hawatusikilizi. Leo wametusikiliza, na aliyetukosea ni mtoto wa nyumbani. Niweke wapi uso wangu?

Ningeweza kumwandikia mkurugenzi leo hii aizime. Kamati imeniachia mimi. Nataka uizime wewe.

Dada yako

17 Septemba

Umenyamaza. Dereva wa basi ananiambia barua alikukabidhi mkononi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini wewe tulikulea wote, sasa nimlaumu nani?

Kula basi. Usiache kula.

Dada

1 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Najua sistahili hata marahaba.

Sina cha kujitetea. Nilidanganya, na niliposema vile nilikuwa namtazama mkurugenzi machoni. Nikueleze tu ilivyo. Barua yako ya msiba niliisoma kwenye stoo, nimekalia kreti. Kisha nikaingia chumbani ili nizime. Mkono ulikuwa kwenye swichi. Mama akaita. Dada, alikuwa mzima! Aliita vilevile, na ile pumzi anayoivuta kabla ya neno la mwisho. Nikashindwa.

Wewe ulimwosha, ulimzika, umemwona akienda. Mimi nilimwacha akipanda basi huku anatucheka. Kwangu bado yuko hivyo. Nikija kuweka jiwe, basi amekufa. Nisipokuja, kila siku tukifungua milango ananiita, na mimi bado niko njiani tu, nimechelewa kidogo.

Najua namtesa. Nakuomba usimwandikie mkurugenzi. Niachie kidogo.

Mdogo wako

14 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekuitikia, kwa sababu wewe ni wangu.

Sikukuambia, lakini Jumamosi nilikuja. Barua ya kamati nilikuwa nayo kwenye pochi, imeandikwa tayari, ya kumpa mkurugenzi. Nikakata tiketi kama mgeni, nikasimama nyuma ya watalii. Taa zikafifia, mama akaita. Nilidhani nitatoka kama wazee wale. Dada yako huyu, mwenye maneno mengi, alishika ukuta. Nilikuwa nimeshaanza kuisahau sauti yake. Kumbukumbu niliyobaki nayo ni ya kikohozi tu.

Kisha nikakuona. Umesimama karibu na mlango na kitambulisho chako shingoni, macho umefumba. Kwenye kile kimya midomo yako ilisema, "Naja, mama." Watalii wakapita, wengine wakaingia, akaita tena, ukasema tena, "Naja, mama." Umekonda mno.

Sikukusogelea. Ningekushika mbele za watu, tungelia wote, na kazi ungeipoteza. Barua ya kamati nimerudi nayo.

Lakini sikiliza. Unamwambia "naja", na haji mtu. Mimi ndiye ninayekaa naye huku, na mimi ndiye ninayeiona ile nafasi kichwani. Sikukasirikii tena. Ila nimechoka kukungoja peke yangu.

Dada yako

22 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimeizima. Nilimwambia mkurugenzi ukweli wote kwanza, na hakunifokea, ingawa ningependa anifokee. Alisimama nami nilipobonyeza swichi. Tumeweka kibao mlangoni: "Sauti ya chumba hiki iko msibani. Itarudi wenyewe watakaporuhusu." Watu wanaingia, taa zinafifia, na hakuna kitu. Wanangoja kidogo, kisha wanatoka polepole.

Sikujua kimya kinauma hivi. Nyinyi mlikuwa nacho tangu Agosti.

Nakuja na basi la Ijumaa, litafika jioni. Usije kituoni na mgongo huo, njia naijua. Ila kaa mlangoni unitazamie, na ukiniona natokea kule chini, niite wewe. Niite kwa nguvu, dada, kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kuniita.

Mdogo wako