Samaki Waliokataa Kutoka

Gatsata, Jumanne jioni

Bado hawatoki. Muuza samaki wa Nyakabanda alinishauri niongeze wadogo walio wajasiri, kwani waoga wakiwaona wenzao wanaogelea kwa amani, nao hutoka mafichoni. Nilifanya hivyo. Leo hata wajasiri wamejibanza nyuma ya jiwe.

"Baba Keza, wahutubie," mke wangu alinitania. "Watu wote hukusikiliza."

Nilicheka, nikainama kuwatazama ndani ya tangi lao la kioo, ndipo nikayaona maji. Upande wa bondeni yamekaribia ukingo. Upande wa mlimani yameshuka upana wa kidole. Tangi hilo nililisawazisha mwenyewe kwa pimamaji, na meza haijaguswa tangu siku ile.

Nikakunja zulia. Ufa umepita chini ya meza hadi chumba cha watoto.

Mke wangu hakucheka tena. "Mvua ikirudi?"

Imekwisha kurudi. Naandika haya akiwavika watoto viatu. Kisha nitagonga milango ya majirani wa chini yetu. Tulionywa sote tuhame kabla ya masika, lakini wao wamebaki kwa sababu kila asubuhi wanatuona sisi tupo.