Mzigo Mweupe Kutoka Msambweni

Msambweni, 9 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na kifua kimekuachilia. Mimi sijambo, alhamdulillahi.

Nimefurahi dadangu Aida kupata mchumba. Siku wakwe watakapoleta sanduku la bibi arusi, niruhusu nichangie kitoweo. Kazi yangu si ya ofisini tena. Nachukua makapi ya miwa yanayotupwa huku mashambani, nayachemsha pamoja na pumba za mahindi, napanda kuvu. Haichukui muda, yanashikana yakawa kipande cheupe, kizito, chenye kujenga mwili kama nyama. Ukikikaanga kwa tangawizi na ndimu utadhani ni kuku.

Naomba nije nikupikie.

Mwanao,
Jaffar

Ndia Kuu, 14 Januari 2025

Mwanangu Jaffar,

Waalaykum salaam. Kifua ki afadhali, miguu ndiyo inayonisumbua.

Mtaa mzima nimeuambia u karani. Hata Bi Maisara, mamake bwana arusi, nilimwambia hivyo hivyo. Sasa nimwambie mwanangu anaokota makapi na kufuga ukungu? Kwetu chakula kikiota ukungu hutupwa, na mwenye nyumba akainamisha uso. Naona haya, Jaffar. Ukija, pitia mlango wa uchochoroni, na hayo magunia yako yaache huko huko.

Mamako

Msambweni, 2 Februari 2025

Mama,

Assalaam alaykum. Kwangu salama.

Sikuja, nisije nikakuaibisha. Nilimpa kipande Mutunga, dereva wetu wa kazini, akuletee siku ya sanduku. Hakujua mambo ya uchochoroni, akapiga hodi mbele, na wageni wamejaa. Amenieleza yote. Bi Maisara alifunua kitambaa akauliza ni nini hiki kilichooza, nawe ukasema, "Huyu amekosea nyumba. Mwanangu hawezi kuniletea uvundo."

Hakikuoza, mama. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Jaffar

Ndia Kuu, 6 Februari 2025

Mwanangu Jaffar,

Assalaam alaykum. Hujambo? Unakula vyema?

Barua yako imekwisha kwa jina tupu. Hukuandika "mwanao". Nimeliona hilo.

Mutunga aliuacha mzigo kizingitini. Wageni walipokwenda niliuchukua nikautupe, mikono ikakataa. Nikautia tangawizi na ndimu kama ulivyosema, nikala jikoni peke yangu, nimesimama. Kitamu, mwanangu. Ndipo nikalia. Nimekukana mbele ya watu kwa kitu nisichokionja.

Asubuhi nilifunika sahani nikampelekea Bi Maisara. Nikamwambia, "Dereva hakukosea nyumba, mimi ndiye niliyesema uongo. Hii ni kazi ya mwanangu, naye si karani kama nilivyokuambia." Aliipokea sahani, akafunga mlango. Nilirudi nimejibanza ukutani kama mwizi. Aida hasemi nami, anasema nimemvunjia arusi.

Nisamehe.

Mamako

Ndia Kuu, 5 Machi 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema. Hukunijibu, wala huna makosa.

Wajua sahani ya jirani hairudi tupu. Ile yangu ilikaa kwa Bi Maisara hata nikakata tamaa nayo, na arusi pia. Leo kabla ya futari imerudi na halua, na ujumbe: "Mpe mwenyewe aliyeotesha. Nasi arusini tutahitaji kitoweo chake kingi." Aida ameniamkia leo. Halua sijaigusa, si yangu.

Arusi ni baada ya Idi. Njoo mchana, baraza zikiwa zimejaa watu. Piga hodi mlango wa mbele, na magunia yako begani. Nitafungua mwenyewe.

Mamako, ukiniita hivyo bado